Kwanini mafua yanakukamata baada ya Kili Marathon (na kwanini tunakurudisha nyumbani)

Kila mwaka Kili ikishapita, wiki inayofuata jimu yetu hapa Moshi inageuka wodi. Medali shingoni, leso mfukoni. Na swali ni lile lile, "kocha, nimefanya mazoezi miezi minne, mbona naumwa mimi na shemeji yangu anayeshinda kwenye kochi yuko fiti?"

Jamani hamjarogwa. Mwaka 1982 kule Cape Town walifuatilia wakimbiaji 150 wa mbio za Two Oceans, kilomita 56, wiki mbili baada ya mbio kama 33% walikuwa wameshapata mafua au koo, wenzao ambao hawakukimbia ni 15% tu. Na waliokimbia kwa kasi ndo waliumwa zaidi.

Iko hivi, ukiwa unakimbia, homoni ya adrenalini inazitoa chembe nyeupe za kinga, hasa zile zinazoitwa limfosaiti, zinajaa kwenye damu, ukishamaliza tu ndani ya saa moja mbili zinashuka mpaka chini ya kawaida, na kotisoli, homoni ya msongo, nayo iko juu. Zamani ilisemwa hapo kinga imelala na mlango uko wazi hadi siku tatu. Ila 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza wakabisha, wakasema chembe hazijafa, zimehamia kwenye mapafu na utumbo kulinda, na kinachowaumiza wakimbiaji ni msongamano, safari na kukosa usingizi. Mimi kocha naegemea huku kwa hawa wa pili, maana nawaona, mtu katoka Dar na basi, usiku hajalala kwa presha ya mbio, asubuhi anagombania chupa ya maji na watu wanne alafu anasingizia kinga. Usingizi sio utani, kuna watu walitiwa virusi vya mafua puani makusudi, wanaolala chini ya saa 6 kwa usiku mmoja walipata mafua mara 4 zaidi ya wanaolala zaidi ya saa 7.

Kwahiyo wiki ya kwanza baada ya mbio hapa kwetu hakuna intavo (kukimbia kasi kwa vipande vipande), hakuna vyuma vizito, unatembea, unapiga baiskeli taratibu, unaenda. Ukija na mafua ya puani tu tutakupa kitu chepesi, nje, sio ndani na wenzako. Ukija na homa, kifua au mwili unauma wote tunakurudisha mlangoni na usikasirike, virusi vingine vinashambulia msuli wa moyo na kukimbia navyo ni hatari, nenda hospitali.

Na vidonge vya kuongeza kinga hatuuzi. Vitamini C imeonekana kuwasaidia wakimbiaji wa mbio ndefu ila ni wale walioanza kuitumia kabla, na mapera yanaozea chini ya mti kwa jirani yako. Kula, usikimbie longi (mazoezi ya mbio ndefu) na njaa, mtori upo.

Siku utakazokaa nyumbani unaumwa tunazisogeza mbele kwenye kadi yako ya jimu, tuma meseji tu kabla ya saa 12 asubuhi.