Barua kwa mwanangu kuhusu mshubiri ninaokutumia

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na huyo unayemtarajia. Kilichofungwa katika gazeti ni chipukizi la mshubiri uleule uliokuwa dirishani mwa jiko letu tangu utoto wako, ule ambao wewe ulizoea kuniomba nikuvunjie jani lake kila ulipoungua kidole. Nimeona nisikutumie mmea bila maelezo, kwa kuwa wengi wanao na wachache wanaujua vizuri.

Usishtuke kuona mizizi yake mikavu. Nililing'oa siku tatu zilizopita nikaliacha kivulini makusudi, ili kidonda cha pale lilipotengana na mama yake kikauke, kwani likipandwa na kidonda kibichi huoza. Lipande katika chungu chenye tundu chini, kwa udongo uliochanganywa na mchanga mwingi wa chembe kubwa, kisha likae juma zima bila maji. Baada ya hapo limwagilie mpaka maji yatokee chini, na usirudie hadi utakapozamisha kidole na kukuta udongo umekauka. Mishubiri mingi ya nyumbani hufa kwa kunyweshwa kila siku, ilhali mmea huu hufunga vitundu vya majani yake mchana na kuvifungua usiku, na kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Jani likikonda na kujikunja lina kiu. Likilegea na kuwa la kahawia kuanzia shinani, maji yamezidi. Mwanga unaupenda, ila jua kali uuzoeze kidogo kidogo.

Sasa nakuomba usome polepole. Unapotaka dawa, kata jani la chini lililokomaa, karibu kabisa na shina, na machanga ya katikati uyaache. Papo hapo utaona utomvu wa manjano ukichuruzika kutoka chini ya ganda, wenye harufu kali. Ukiuonja kwa ncha ya ulimi utaelewa kwa nini tunasema jambo ni chungu kama shubiri, maana hiyo ndiyo shubiri yenyewe. Lisimamishe jani ndani ya bilauri kwa dakika 15, mkato ukiwa chini, utomvu wote utoke, kisha lioshe, ondoa miiba ya kingoni na umenye ganda upande mmoja. Ndani utakuta ute angavu, wa baridi, unaoteleza vidoleni kama sabuni iliyolowa. Jani ni moja, lakini ute ni wa kupaka na utomvu ni wa kumwaga.

Ukiungua kidogo, tangulia kupoza mahali hapo kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo upake ute. Mara ya kwanza ujaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, kwani ngozi nyingine huukataa na kuwasha. Jeraha la moto lililo kubwa au la kina usilipake chochote, nenda hospitali. Ute uliobaki huharibika upesi, hivyo uweke katika jokofu na usipitishe siku chache.

Kuhusu kunywa, wapo watakaokushauri kwa nia njema usage jani zima na ganda lake. Nami nilishauriwa hivyo nilipoteswa na choo kigumu, nikanywa asubuhi, na nikashinda siku nzima tumbo likinikata mpaka jioni nikawa siwezi kusimama bila kushika ukuta. Ndani ya utomvu ule mna aloini, kitu kinachoharisha kwa nguvu na kuutoa mwili maji na chumvi zake. Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye shubiri katika orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakutoa ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Kwa hali uliyo nayo sasa, mwanangu, usinywe hata kijiko, wala utakapokuwa unanyonyesha, na mtoto naye usimpe. Atakayekushikilia, mwambie mama yako amekukataza.

Mmea ukikua utazaa machipukizi pembeni. Kila moja likishafikisha majani manne au matano, litenge kwa kisu safi. La kwanza uniwekee mimi, kwani mama yao hapa amezeeka na shina lake limeanza kulala.

Ni mimi mama yako akupendaye.