Kupumulia mashine si kukata roho

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu, lako likiwamo, yakiandika kwamba fulani "anapumulia mashine", huandika kwa sauti ya tanzia. Msomaji anapolikunja gazeti keshawaza matanga. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, na maneno hayo yanatufuata hadi kitandani. Wapo ndugu wanaogoma mgonjwa wao asiwekewe mashine, wanabishana nasi mpaka pumzi inamwishia.

Tuliwahi kumpokea kijana aliyeumwa na koboko shambani. Sumu ya koboko hulegeza misuli: kope, koo, mwisho kifua. Mapafu yake yalikuwa mazima kabisa, ila nguvu ya kuvuta hewa hakuwa nayo. Alishachomwa dawa ya sumu, lakini misuli haiamki papo hapo, basi mashine ikampumulia siku nne. Shangazi yake akasimama miguuni pa kitanda anazungumzia jeneza. Nikamsihi anyamaze, maana sumu ile hufunga kope, haizibi masikio. Siku ya tano tulipomtoa mpira kooni, neno la kwanza, kwa sauti iliyokwaruza, lilikuwa: "Shangazi, nilikusikia."

Kazi ya mashine ni hiyo. Inaingiza oksijeni, inatoa hewa ya ukaa, inapumzisha misuli iliyochoka, ili dawa na mwili vipate muda. Nimonia haiitibu, sumu haiiondoi. Sikatai kwamba wengi hufia mashineni. Mara nyingi ni ugonjwa uliowafikisha pale ndio unaowaua, ila mashine nayo hujeruhi ikisukuma hewa kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, kwa wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya, ulionyesha kuwa waliosukumiwa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo walikufa karibu 40 katika kila 100. Waliopewa mililita 6 walikufa 31. Ndiyo maana mgonjwa akifika tunamnyooshea futikamba, ile ya fundi cherehani, utosini hadi kisiginoni. Kilo tunazopigia hesabu zinatokana na urefu wake. Mtu hunenepa, mapafu yake hayanenepi.

Na tangu saa ya kwanza tunawaza kuitoa. Kila asubuhi, hali ikiruhusu, tunapunguza dawa ya usingizi, tunamwacha ajaribu kuvuta mwenyewe kwa nusu saa hivi, macho yetu yote kifuani pake. Hapo wodi nzima huwa kimya.

Nawaomba waandishi: mkiandika "anapumulia mashine", semeni pia kwa sababu gani. Nanyi ndugu mnaokuja kumtazama mgonjwa, msiogope kutuuliza mashine inasubiri nini kipone, na kama leo amejaribiwa kupumua mwenyewe. Aliye zamu akikosa jibu, mwambieni akalitafute, nanyi mtamsubiri hapohapo.

Muuguzi,
Morogoro