Mwembe wako hatukuunyoa

Bangwe, Kigoma
14 Februari

Kwako Somo yangu,

Salaam nyingi. Huku tu wazima. Mvua imetupumzisha wiki hii, na dagaa wamepanda bei kwa sababu ya mbalamwezi, si unajua mambo ya ziwa letu. Nakuandikia habari za mwembe wako na za pesa zako, na naanza na lililo gumu: sikufanya ulivyoniagiza. Ulisema mti ukatwe juu wote, uwe usawa wa paa, ili ukirudi mwezi wa saba ukae barazani utazame ziwa. Sijaukata juu. Usinune kwanza. Soma hadi mwisho, ndipo ugombe.

Kijana aliyeletwa na mpangaji wako alifika Jumatatu, pekupeku, panga mkononi, kamba hana. Alitaka Sh 40,000 na kuni zote ziwe zake. Akautazama mti mara moja tu, akasema, "Mama, huu tunaunyoa, saa sita nimeshamaliza." Neno hilo la kunyoa ndilo lililonishtua, maana nami niliwahi kunyoa wangu.

Unaukumbuka ule mwembe wa nyuma ya jiko langu, wa dodo? Miaka mitatu iliyopita nilimlipa mtu akaufyeka juu kote, ukabaki na vigutu kama vidole vilivyokatwa. Miezi ya mwanzo nilifurahi, jiko lilipata mwanga. Kisha kila kigutu kikatoa machipukizi, ishirini, thelathini, yamesimama wima kama fagio la chelewa. Nikadhani mti umeshukuru. Kumbe ulikuwa unahangaika na njaa, maana chakula cha mti hupikwa kwenye majani, na majani yote nimeyamaliza kwa panga. Misimu miwili sikula embe hata moja. Gome la juu, lililokuwa limezoea kivuli, likababuka kwa jua na kupasuka. Maji ya mvua yakatulia juu ya vigutu, vikaanza kuoza kwa ndani. Machipukizi yakanenepa, lakini yalikuwa yameota juujuu, kwenye tabaka la nje la mti, hayakushikana na moyo wa tawi lenyewe. Novemba, mvua za kwanza zilipokuja na ule upepo wake, tawi zima la fagio likang'oka, likatua juu ya bati la jiko. Maharage yalikuwa motoni. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji, Mungu ni mkubwa.

Kwa hiyo yule kijana nilimpa nauli na chai, nikamwambia aende na Mungu. Nikapita kwa mwenyekiti wa mtaa kumweleza kazi iliyopo, yeye akanielekeza kwa fundi mmoja pale Mwanga, mtu mzima, alisoma misitu Olmotonyi kule Arusha, sasa amestaafu na anahudumia miti ya majumbani. Alikuja Jumatano na vijana wawili. Nakwambia, saa nzima ya kwanza hakugusa msumeno. Alizunguka mti, akaugonga shina kwa nyundo ya mti huku ametega sikio, akisikiliza kama ndani kuna uwazi. Akaniuliza kama tumeona nyuki wakiingia mahali. (Nikamwambia mwenye mti anaishi Tabora, nyuki wote amewachukua huko. Hakucheka.) Halafu akateremka chini ya bonde, akautazama mti kutoka huko akipanda juu, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya miaka yote hii.

Ukiutazama kutoka chini, Somo, unaona kwamba mti wote umeinamia ziwani. Huku juu kuna nyumba na kivuli chake, kule kuna mwanga, basi matawi marefu yote yamekimbilia kule. Kinachouzuia usianguke ni mizizi ya upande wa juu, ile inayopita chini ya uwanja wako, inauvuta kama kamba za hema. Na mizizi hiyohiyo ndiyo inayoushika ukingo wa uwanja. Nilimuuliza, je, tukiukata shinani kabisa tukamaliza maneno? Akasema mwaka wa kwanza hutaona kitu. Mizizi iliyokufa bado inashikilia udongo. Baada ya miaka michache inaoza, na mvua kubwa ikija wakati huo hakuna tena kinachoshika mteremko. Watu wanashangaa ukingo umeporomoka, hawaukumbuki tena mti walioukata.

Akapanda na mkanda na kamba mbili, kofia ngumu kichwani. Lile tawi lililolala juu ya paa, nene kama paja langu (na langu unalijua), ndilo alilolianza, nami nikasimama upande wa juu kutazama, kwa sababu alikataza mtu yeyote kukaa upande wa chini. Alianza kulikata kutokea chini. Nikashangaa, fundi gani anakata kinyumenyume? Kama mkono mmoja kutoka kwenye shina, akaingiza msumeno kwa chini hadi robo ya unene, akaacha. Akasogea mbele kidogo, akakata kwa juu. Tawi likalia, likavunjika, likaning'inia kwenye kamba iliyofungwa uma wa juu na kuzungushwa mara tatu kwenye shina, na kijana aliyeko chini akawa analiteremsha taratibu kama ndoo ya kisimani. Bati halikuguswa. Ukianza kwa juu, aliniambia baadaye, tawi linaanguka kabla msumeno haujafika chini, na linashuka na gome lote la shina, kama unavyomenya muwa.

Kikabaki kipande cha mkono mmoja. Hapo akaweka chini chenso, ule msumeno wa injini, akachukua msumeno wa mkono. Tawi linapoungana na shina pana uvimbe, kama mkunjo wa shingo ya mtoto mnene. Alipapasa kwa kidole mpaka akaupata, akakata nje yake tu. Hakuacha kigutu, wala hakukata hadi usawa wa shina. Uvimbe ule ni wa shina, si wa tawi, na ndiko mti unakotengenezea kovu lake. Nilimletea kopo la rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka milango, nikidhani nasaidia. Akalirudisha. Rangi inafungia unyevu ndani na uozo unastawi humo. Akanieleza habari za Mmarekani mmoja, Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa kwao, aliyepasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone jeraha linakuwaje kwa ndani. Alichokiona ni kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Sehemu iliyoumia unaizungushia ukuta kwa ndani, unaiacha humo, unaendelea kuota nje yake. Ukikata vibaya, unaubomolea mti mahali pa kujengea ukuta huo. Nimelala na maneno hayo siku mbili.

Yale matawi marefu ya upande wa ziwa hakuyatoa, aliyafupisha. Kila moja alilirudisha hadi penye tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya lile linalokatwa, ili hilo dogo lishike uongozi. Nilimwambia ayasafishe na kwa ndani basi, yabaki na majani kwenye ncha tu, yapendeze. Akasema hapo utakuwa umetengeneza mkia wa simba, uzito wote uko mwisho, upepo ukija tawi linapigwa kama fimbo. Hakupunguza zaidi ya robo ya majani yote. Mti mzee, alisema, unalipa madeni polepole. Kuna tawi moja lililojaa ule mmea unaojipandikiza juu ya miembe na kunyonya, hilo alilitoa lote.

Hasara ipo, sikufichi. Gogo moja lilimponyoka kijana chini, likabingirika kuelekea bondeni na kulaza migomba miwili ya jirani. Ndipo nikaelewa kwa nini alitufukuza sote huko. Jirani nimempa mkungu kutoka kwangu, hana neno. Na mimi mwenyewe mkono umebabuka, nilibeba matawi mabichi bila kujifunika na utomvu ukanirukia. Bibi zetu walikuwa wakitukataza kupaka midomo embe bichi, tukadhani ni uchoyo.

Sasa pesa. Ulituma Sh 250,000. Fundi na vijana wake wamechukua Sh 180,000, siku mbili. Chakula chao Sh 14,000. Kumrudisha yule kijana wa panga Sh 5,000. Iliyobaki ni Sh 51,000, ninayo. Najua utasema ni nyingi kwa kukata matawi. Bati la jiko langu na mbao zake vilinigharimu zaidi ya hiyo, na embe sikuzila. Kuni ni zako, zimepangwa ukutani. Mpangaji aliulizia achome mkaa, nimemwambia akusubiri wewe.

Habari ya kuona ziwa. Nilimwambia fundi shida yako. Akaniomba kiti, akakiweka barazani pale utakapokaa, akakaa yeye, kisha akamwelekeza kijana mtini kwa kidole: hilo, si hilo, shuka kidogo. Matawi manne madogo ya chini yakatoka. Sasa mwavuli wa mti uko juu ya macho na ziwa unaliona chini yake, kutoka bandarini mpaka milima ya Kongo hewa ikiwa safi. Jana mwezi ulipochelewa kidogo niliketi hapo, taa za wavuvi nikazihesabu kumi na tisa. Na kivuli cha saa nane unacho palepale.

Embe za mwaka huu zilishaisha, kwa hiyo muda ulikuwa mzuri. Matawi mapya yatakuwa yamekomaa kabla mti haujatoa maua wakati wa kipupwe. Msimu ujao usitegemee nyingi sana. Fundi anataka kuuona tena baada ya miaka miwili au mitatu, si kabla.

Limebaki moja, na hili siwezi kuliamua mimi. Mpangaji wako anataka kuchimba karo jipya la choo katikati ya nyumba na mwembe, ameshapigilia vigingi pale. Ni juu kabisa ya ile mizizi ya kushikilia. Fundi alipoviona vile vigingi alitikisa kichwa, akaonyesha kona ya kusini karibu na mpapai, kwamba pale hapana madhara. Mpangaji anasema kule bomba litakuwa refu na gharama ni zake. Nimemzuia kwa kauli yangu tu, na kauli yangu si ya mwenye nyumba. Mchimbaji anakuja Jumatatu. Mpigie mpangaji kabla ya hapo, na hiyo Sh 51,000 ukitaka nimwongezee kwenye bomba, niambie.

Msalimie Baba Neema na watoto. Asali usisahau.

Ni mimi Somo yako,
Mama Zuhura