Walimu wa kucheza wapimwe kwa nyimbo pia, si kwa suruali tu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Chikongola, Mtwara, mwaka wa 31 sasa. Hivi karibuni mwenye ukumbi mmoja wa kufundishia watoto kucheza alinipa oda ya nguo za walimu wake wanne, suruali mbilimbili, pamoja na karatasi ya masharti ili nishone kwa kuyafuata. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi kuliko alivyotarajia.

Masharti ni saba. Sita ni ya mavazi na mwendo wa mwili, na matano kati ya hayo yanaanza na maneno "mwalimu wa kike". La saba linasema: "Muziki uwe wa heshima." Basi, imetoka hiyo. Mwalimu wa kiume ameguswa kwenye suruali tu, wakati mmoja wao hufundisha na singilendi iliyopanuka shingo mpaka kifua chote kiko nje.

Nilianza na walimu wa kike, nikashona kama nilivyoagizwa: suruali pana ya tetroni, pindo hadi kisiginoni. Siku ya tatu mwalimu mmoja alikanyaga pindo lake akigeuka, akaanguka mbele ya watoto, na suruali ikachanika kuanzia katikati ya miguu hadi karibu na goti. Nguo ya kumsitiri ndiyo iliyomwaibisha. Tena hata kabla ya kuanguka, watoto walikuwa hawaoni goti lake linakunjwa vipi wala kisigino kinatua lini, na mtoto hujifunza kucheza kwa kuangalia hivyo.

Nilimshonea nyingine bila malipo. Kitambaa kinachovutika lakini kisichoganda mwilini, lastiki kwenye kifundo cha mguu, kipande cha pembe nne katikati ya miguu ili mshono usielemewe, na fulana inayofika nusu ya paja. Kisha nikamwambia achuchumae, ainame, anyanyue mikono juu, palepale kibandani kwangu. Kama kuna kitu kingejifunua, kingejifunua mbele yangu na si mbele ya wanafunzi. Kipimo hicho ningependa kukiona kwenye karatasi, kwa wanawake na wanaume.

Sharti la nne linakataza "kukata kiuno". Hapo nilicheka peke yangu. Mama yangu alikuwa mcheza sindimba kule Newala, na sindimba bila kiuno sijui itabaki nini. Ngoma hiyo imetoka kwetu Wamakonde, na baada ya Uhuru ikachezwa mpaka na kikundi cha ngoma cha taifa. Wazee walikuwa na dawa yake: kibwebwe. Kanga ikifungwa chini kidogo ya kiuno, mwendo wa nyonga unaonekana vizuri na umbo linabaki limefunikwa. Mwalimu mwenye kibwebwe juu ya suruali yake hahitaji nguo ya kubana ili aonyeshe hatua.

Sasa muziki, maana hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu wa miaka minane anasoma kwenye ukumbi huohuo. Jioni moja alikuwa anaosha vyombo huku anaimba maneno ya kitandani, anayatamka vizuri kabisa bila kujua maana yake. Nikaenda kuuliza. Mwalimu aliapa kwamba hakuuchagua wimbo ule: aliweka mmoja mzuri, ulipokwisha simu ikajichagulia mwingine, naye alikuwa anamrekebisha mtoto mkono. Namwamini. Lakini mwalimu huyohuyo alikuwa amevaa kama karatasi inavyotaka, shingo hadi kisigino!

Nyimbo za somo zipakuliwe mapema, zisikilizwe hadi neno la mwisho, na intaneti izimwe wakati wa kufundisha. Watoto wadogo wachezeshwe midundo isiyo na maneno. Na ngoma ya kupigwa kwa mkono irudi, angalau siku moja kwa wiki. Mpigaji anatazama miguu ya watoto, wakichelewa anawasubiri. Spika haimsubiri mtu. Adhana ikisikika muziki uzimwe, hilo nashangaa hata halikuandikwa, na msikiti uko nyuma ya ukuta.

Najua nitaambiwa kwamba nyimbo za unyago nazo zina maneno mazito. Ni kweli, nimechezwa, nazijua. Lakini ziliimbwa ndani, kwa mwali aliyefikia umri, na kungwi alikuwepo kumfafanulia kila neno. Hazikuwekwa kwenye spika ukumbini saa kumi jioni.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisimulia Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Anasema alipata kazi nyingi ya kushusha mapindo na kupanua miguu ya suruali. Mafundi tunanufaika na marufuku za nguo, kwa hiyo nikizilalamikia ujue sitetei tumbo langu.

Mwenye ukumbi bado ananidai suruali nne za walimu wa kiume, nazo zimo kwenye karatasi: pana, pindo kisiginoni. Tetroni nimeshaikata, lakini kushona nimesimama. Aje tuzungumze, na aje na simu ya kufundishia tuisikilize pamoja.

Fundi cherehani,
Chikongola, Mtwara