Barua ya kufunga muhula: vijana wetu na nyumba kongwe za mtaani

OFISI YA MKUU WA SHULE
DODOMA
Desemba 2025

Kwa wazazi na walezi wa Kidato cha Pili, mkondo wa amali (ujenzi)

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA MAFUNZO YA UKARABATI WA NYUMBA MTAANI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Mbukwenyi. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na nyumba yako, katika siku hizi ambazo kila mtu Dodoma anatazama mawingu.

Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha hii, pamoja na tarehe ya kufungua shule na mahitaji ya Kidato cha Tatu. Ukiwa na swali kuhusu alama, mwalimu wa darasa atakuwepo ofisini hadi Ijumaa. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo moja ambalo nina deni nalo kwenu.

Katika kikao cha Septemba mzazi mmoja alisimama akasema kwamba alimleta mwanawe shuleni asome, si aende kuziba nyufa za nyumba za watu. Wengi mlitikisa vichwa kukubali, niliona. Siku ile nilijibu kwa kifupi na jibu halikutosha. Mzazi yule aliuliza swali la haki, maana ni mtoto wake na ni muda wa mtoto wake.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeifanya kazi ya mikono kuwa somo kamili kwa vijana wa mkondo wa amali. Tungeweza kuifundisha kwa njia tuliyoizoea: kujenga ukuta wa mazoezi nyuma ya karakana, mwalimu anaupima kwa timazi na pimamaji, anatoa alama, kisha unabomolewa ili darasa linalofuata litumie matofali yaleyale. Kidato cha Kwanza walifanya hivyo, na kuta zao zilinyooka. Lakini ukuta wa mazoezi haujawahi kunyeshewa. Haujui mchwa wala chumvi, na hakuna mtu anayelala nyuma yake. Kwa hiyo Julai tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa tukaomba nyumba.

Tuliletewa majina ya kaya kadhaa za wazee. Walimu wa ufundi walizikagua zote, tukachukua tatu. Moja tuliikataa ingawa mwenyewe alituomba sana, kwa sababu paa lake ni la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu ya zamani. Ukiyakata au ukiyavunja hutoa vumbi la nyuzi ndogo mno zinazoharibu mapafu, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mwenye nyumba, nikamsihi asilitoboe wala asilisugue mpaka apate wataalamu. Alisikitika. Hata hivyo mtoto wa mtu hagusi paa lile.

Nyumba ya kwanza ni ya bibi anayeishi na wajukuu wawili. Kuta zake ni za tofali mbichi, na upande mmoja zilikuwa zimelika hadi unaweza kuingiza ngumi. Bibi alitaka zikandikwe kwa udongo, kama zilivyokandikwa siku zote. Mimi ndiye niliyesema tupige plasta ya saruji, karai moja ya saruji kwa manne ya mchanga, ili kazi ya wanafunzi ionekane imara. Mwalimu wa uashi alisita, nikasisitiza. Wiki ya tatu ukiigonga plasta ile ilikuwa inalia tupu ukuta mzima, na kwenye kona kilishadondoka kipande cha ukubwa wa meza.

Kosa lile lilikuwa langu na niliwaambia wanafunzi palepale ukutani. Kisha tukaketi nalo kwa vipindi viwili. Plasta ya saruji ikishakauka ni ngumu, haikubali kupinda. Tofali la udongo hunywa unyevu likavimba, likikauka linasinyaa. Moja limesimama, jingine linacheza, mwisho wake huachana. Tena saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaendelea kulainika huku kwa nje unaonekana mpya. Kuna na uzembe wetu wa kawaida: tulimwagilia maji siku mbili badala ya saba, na upepo wa Agosti mnaujua wenyewe, ulikamua maji yote kabla plasta haijakomaa.

Bibi hakutusuta. Alivua viatu akawaonyesha namna ya kuponda na kuchekecha udongo wa kichuguu, kuuchanganya na mchanga, nyasi kavu zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, kuuloweka usiku kucha na asubuhi kuukanyaga kwa miguu mpaka unateleza bila kunata. Wakati wanakanyaga aliwasimulia tembe la baba yake: kuta za miti na udongo, paa bapa la magogo, fito na udongo juu, zizi la ng'ombe katikati. Kila mwaka kabla ya kifuku paa lile lilikaguliwa hatua kwa hatua na kukandikwa upya palipolegea. Hakuna aliyesubiri livuje. Wanafunzi wanne waliniambia baadaye kwamba bibi zao wanaijua kazi hiyohiyo, na hawakuwahi kuwauliza.

Ukuta ule sasa umekandikwa tabaka mbili na kupakwa chokaa. Chini yake vijana wamejenga ukingo wa mawe wenye mteremko wa kutupa maji mbali, kwa sababu ugonjwa ulianzia chini: maji ya mvua ya miaka mingi yalishabeba udongo na kuacha msingi wazi. Hilo waligundua wao, si mimi.

Nyumba ya pili ilitufundisha kusubiri. Ni ya mzee mstaafu wa reli, imejengwa kwa matofali ya kuchoma, na ilikuwa na nyufa nne ambazo ameziziba mara tatu na mara tatu zimerudi. Vijana walifika na mwiko mkononi. Mwalimu akawakataza kugusa. Badala yake walibandika kipande cha karatasi juu ya kila ufa, wakaandika tarehe, wakaondoka. Kwa wiki sita walikuwa wanakwenda kusoma karatasi tu. Tatu zilibaki nzima, maana yake nyufa zile ni za zamani, nyumba ilishatulia. Ya nne, kwenye kona ya bafu, ilichanika.

Walipochimba pembeni ya kona ile wakakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, umelowa chepechepe wakati ardhi yote ya jirani imekauka kama chungu. Maji ya kuoga yalikuwa yanamwagika kwenye msingi miaka na miaka. Udongo wa aina ile huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na nyumba iliyokaa juu yake hupanda na kushuka nao. Wameyaongoza maji kwa bomba hadi shimo la kunyonya maji mbali na ukuta. Nyufa tatu zimepanuliwa kwa tindo, zikasafishwa na kujazwa. Ya nne imeachwa wazi, na karatasi mpya.

Penye moja ya zile nyufa tatu hapakuwa kabisa na lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha, ila ubao ulioliwa na mchwa hadi ukabaki ganda. Lenta mpya ilimwagwa kwa zege la moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), ikaegemea ukuta inchi tisa kila upande. Fundi na mwalimu ndio walioweka nguzo za kushikilia na kuondoa ubao wa zamani. Wanafunzi walikunja nondo, wakachanganya zege, na safari hii walimwagilia siku saba bila kukosa, kwa zamu, hata Jumapili. Kwenye jiko la nje, lililojengwa upya kuanzia chini, walipata kona ya nyuzi 90 kwa kamba ya mita tatu, nne na tano. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia vipindi vya hisabati aliniuliza kwa nini hakuambiwa mapema kwamba Pythagoras ni kamba. Nimelipeleka swali lake kwa walimu wa hisabati, na muhula ujao kipindi kimoja kwa wiki kitafanyika huko huko kazini.

Nyumba ya tatu ilihitaji paa. Misumari ilikuwa imepigwa bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni, hivyo kila tundu lilikuwa mlango wa mvua. Fundi wa mtaa aliezeka, wanafunzi walipima na kukata papi, mbao za kupigilia bati, wakiwa chini. Hesabu yao ya mifereji ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lile lina mita za mraba 60. Dodoma hupata takriban milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ni lita 33,000 zinazotua juu ya nyumba ya mtu anayenunua maji kwa dumu. Sehemu itapotea, na tangi lililopo ni dogo. Lakini mwenye nyumba alipoonyeshwa hesabu hiyo kwenye daftari aliomba aachiwe ukurasa.

Sasa usalama, na hapa sitaficha kitu. Agosti mwanafunzi mmoja alikanyaga msumari uliobaki kwenye ubao wa zamani, ukapenya kiatu. Alipelekwa kituo cha afya saa ileile, akachomwa sindano ya pepopunda, na mzazi wake alipigiwa simu kabla hajarudi. Alipona. Tangu siku hiyo ubao wowote unaoshuka hung'olewa misumari kabla haujawekwa chini, na asiye na buti ngumu hafiki kazini, anabaki darasani na michoro. Wanafunzi hawapandi paa, hawagusi umeme, hawaingii chini ya ukuta unaobomolewa. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kupewa kazi za hatari, na sioni kwa nini neno "mafunzo" liwe kisingizio cha kuivunja.

Wapo waliouliza nani ananufaika. Hakuna mwenye nyumba aliyeilipa shule, wala mwalimu aliyepokea kitu. Saruji na nondo ni zile ambazo zingeishia kwenye mazoezi ya karakana. Mchanga, mawe na maji vilitolewa na wenye nyumba, na mabati mapya yalinunuliwa na watoto wa mwenye nyumba ya tatu. Daftari la vifaa liko ofisini kwangu, njoo ulifungue.

Najua pia ndoto ya wengi wenu, na ni ndoto nzuri. Tangu Serikali ilipohamia hapa na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mnaona majengo yanavyoota Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mnataka watoto wenu wawe kule juu na kofia ngumu kichwani. Nami nataka. Lakini jiji hili halikuanza 2018. Lilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kabla ya hapo lilikuwa mji wa reli, na kabla ya reli palikuwa na watu na nyumba zao. Mitaa kama Majengo, Chang'ombe na Kikuyu imejaa kuta zilizosimama kabla vijana hawa hawajazaliwa. Nyumba nyingi zitakazomhitaji fundi miaka kumi ijayo zimeshajengwa tayari. Fundi anayejua kujenga tu atasubiri tenda. Anayejua kwa nini nyumba inaumwa ataitwa na jirani wiki hii.

Fundi wa mtaa aliyetusaidia ana miaka mingi kazini na hana cheti. Vijana wetu wamemfundisha kusoma mchoro, yeye amewafundisha kusikiliza ukuta kwa kuugonga. Tumemshauri aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanakorasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na ameanza kuulizia.

Ninayoomba kwenu ni machache. Fomu ya ridhaa iliyoambatishwa irudi ikiwa na saini yako, ya kukubali au ya kukataa. Mtoto ambaye mzazi hajakubali atafanya mazoezi karakanani na hatapunguziwa alama yoyote. Mwenye buti za kazi zisizotumika, hata za shangazi au mjomba, atuletee. Na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mwache mwanao azunguke nyumba yenu na daftari: aandike maji yanatua wapi, yanasimama wapi, yanaingia wapi. Asipande popote. Januari kila mmoja atawasilisha nyumba yake darasani, na huenda mojawapo ikawa ya nne kwenye orodha yetu.

Kuhusu ile kona ya bafu, wanafunzi wawili wanaoishi mtaa huohuo wamejitolea kupita kila Jumamosi ya likizo kusoma karatasi. Hadi juzi ilikuwa nzima. Mvua haijaijaribu bado. Ikichanika tutaanza na nyumba ya mzee yule siku ya kwanza ya muhula, na mzazi aliyesimama Septemba namkaribisha aje akae nasi siku hiyo.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule