Mameya wa Dar tumewasahau

Mhariri, juzi mjukuu wangu kaniuliza eti Amri Abedi alikuwa mchezaji gani mpaka uwanja wa Arusha ukapewa jina lake, nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Nikamwambia mwanangu, yule alikuwa sheikh na mshairi, tena ndo Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, baadae akawa waziri wa sheria. Halafu cheo chenyewe kimehangaika jamani, mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa ikaja tume ya jiji ya Charles Keenja kuliendesha jiji, 2000 mameya wakarudi, 2021 Rais Magufuli akaivunja tena halmashauri, hadhi ya jiji wakapewa Ilala. Sisi wa Temeke sijui tuseme tunaishi wapi. Si wabandike hata picha za mameya hao pale ukumbi wa Karimjee?