Salamu za Idd kutoka Wete, na karatasi niliyorudi nayo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa ndugu na jamaa wa Pemba na Unguja, kwa waliopo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Maskati, kwa wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa wana ndevu na watoto wao wako skuli, na kwa wenzangu wote wa msafara wa Umra wa Shaaban: Idd Mubarak. Kullu aam wa antum bikheir. Taqabbalallahu minna waminkum. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuifikia Ramadhani ijayo tukiwa na afya na imani. Amin.

Mliosali jana Jumapili na mliosali leo Jumatatu, salamu ni hizo hizo. Hata nyumbani kwangu tumegawika. Mwanangu mkubwa jana asubuhi alikula tambi, mie nikimwangalia na funga yangu. Hatukugombana. Alinibakishia.

Idd hii ya mwaka 1446 Hijria imetukuta nazi hazishikiki. Mie niliyekulia chini ya minazi, niliyetumwa na mama nikaokote nazi kama mtu anavyookota kuni, leo nasimama sokoni naipigia nazi moja hesabu. Muhogo wa nazi tulizoea kuufuturia kila siku, mwezi huu tumeupika mara mbili kwa wiki, siku nyingine viazi vya kuchemsha, uji wa pilipili manga na shukurani. Boko boko la leo ni la kuku, na kuku mwenyewe mmoja. Zamani mtoto alikuwa na nguo nne, ya Idd mosi mpaka ya Idd nne. Wajukuu wangu wamepata mbili mbili, na ya leo itafuliwa usiku ivaliwe tena Idd tatu. Hawajalalamika, Mungu awabariki, ila wa miaka sita ameniuliza kama na sikukuu yake nitampa nusu. Sarafu za mia tano nilizozibadilisha dukani wiki iliyopita zimekwisha kabla ya adhuhuri.

Fitri nimepima jana usiku kwa kibaba kile kile cha marehemu mama, vibaba vinne pishi moja, vichwa sita. Nilipokuwa napima nikakumbuka kwamba na safari yangu ilitoka kwenye pishi. Mikarafuu kumi na mmoja aliyoniachia baba, kila msimu nikishawalipa wachumaji kwa pishi zao na kuanika na kuuza, kilichobaki nilikigawa mara mbili: nusu ya nyumba, nusu ya kibubu. Miaka mitatu. Mwaka mmoja katika hiyo, mikarafuu haikutoa kitu, nikauza mbuzi.

Wengi mmeniuliza habari za Umra na sikuwa na nafasi ya kumjibu kila mmoja, basi nazieleza humu.

Tulikwenda Shaaban kwa sababu Ramadhani hoteli za Makka hazisogeleki kwa mstaafu. Sisi wanawake wa Pemba tulishonewa mitandio ya kijani yenye ufito mweupe ili tusipoteane, tukawa kama skuli ya chekechea. Tuliondoka Mkoani kwa boti, tukalala Unguja, asubuhi uwanja wa ndege, Addis Ababa tukabadilisha ndege, jioni Madina. Ni maneno machache lakini kwenye boti, tulipoingia mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, makelele yote yalikatika. Wanaume waliokuwa wanataniana walinyamaza. Mama mmoja akavuta tasbihi. Hakuna aliyesema kitu, na hakuna mtu wa Pemba anayehitaji kuambiwa kwa nini.

Madina ina baridi mwezi wa pili, baridi ya kavu inayopasua midomo, na sisi tumezoea jasho. Lakini mtu akiingia Masjid Nabawi alfajiri, ile miavuli mikubwa ya uani ikiwa bado imefungwa kama maua, anasahau. Raudha, ile sehemu tukufu ya msikiti karibu na kaburi la Mtume, tulipata kwa miadi ya kwenye simu. Wajukuu ndio waliotusajili tangu hapa, maana sisi wazee ile programu ilitushinda. Msikiti wa Quba tulikwenda tumeshatawadha hotelini kama ilivyo sunna. Uhud tulisimama chini ya kilima cha wapiga mishale, sheikh wetu akatusomea kisa cha wale walioshuka kabla ya kuamriwa, na nilimwona kila mmoja anajikagua moyoni ni wapi na yeye alishuka.

Hoteli ndiyo sitaisifu. Tuliambiwa ni hatua mia tano kutoka msikitini. Labda ni hatua za ngamia. Kwa magoti yangu ilikuwa dakika 35, na bibi zangu wawili wa msafara walifika Magharibi wakaamua kukaa hapo hapo mpaka Isha, si kwa uchamungu tu bali kwa kuogopa kurudi mara mbili.

Siku ya tatu, ndani ya basi, kiongozi wetu ambaye ni kijana wa semina semina aligawa karatasi na kalamu. Kila mmoja aandike malengo yake matano ya baada ya Umra. Mie mwalimu wa miaka 34, mambo ya kuandika kwa nambari hayanipi tabu. Moja, kumaliza nyumba, paa na milango. Mbili, kuhifadhi Juzuu Amma yote badala ya nusu ninayoizungusha tangu utotoni. Tatu, kulipa deni la dukani. Nne, kupunguza sukari. Tano niliiacha kwanza. Mzee wa Konde aliyekaa mbele yangu aliandika moja tu, "nirudi salama", akarudisha karatasi. Bibi wa pembeni yangu, mkubwa kuliko sote, akaninong'oneza: "Mwalimu, niandikie. Andika nisimseme tena mkamwana wangu." Nikamuuliza ya pili. Akasema, "Hiyo ikitimia nitakuja kukwambia ya pili." Nimepata habari kwamba futari ya kumi la mwanzo walikula sinia moja. Kumi la pili sijui, na sitaki kuuliza.

Kutoka Madina tukatia nia Bir Ali, kituo cha kuhirimia, tukaingia Makka usiku. Sitaielezea Kaaba. Aliyeiona anajua, na ambaye hajaiona Mungu amjaalie. Nitaeleza Safa na Marwa. Safari saba, na kwenye taa za kijani wanaume hukimbia, wanawake hutembea. Mie nikatembea nikiwaza kwamba aliyekimbia mwanzo pale alikuwa mwanamke, tena peke yake, na mtoto analia kiu. Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail, hakuwa na karatasi ya malengo matano. Alikuwa na moja, maji, akalitafuta kwa miguu, mahali ambapo macho yake yalishaona kwamba hakuna maji. Na Zamzam haikutoka alikokuwa akikimbilia, ilitoka miguuni pa mtoto.

Umra yangu ilipokwisha, siku mbili baadaye nilichukua gari na wenzangu wanne tukaenda Tanim, Msikiti wa Bibi Aisha, kutia nia ya Umra nyingine. Najua wapo masheikh wasiopenda kukariri Umra katika safari moja, nawaheshimu, na wapo wanaoruhusu. Sikwenda kwa ajili yangu.

Nilikuwa na mdogo wangu. Alikaanga vitumbua pale kwetu, na alikata tundu kwenye kopo la maziwa akaliita Makka. Mteja akiacha chenji, "tia Makka." Watoto wakiokota sarafu uani, "tia Makka." Tulikubaliana twende wote, mie nilipe nauli, yeye alipe hoteli, na nilimcheka kwamba kwa kopo lile tutalala kibarazani. Mwaka 2011, siku chache baada ya Idd kama hii, alikuwa Unguja kwa shangazi, akapanda meli kurudi, ikazama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba. Nungwi. Wengine walirudishwa, wakazikwa. Mwili wake sikuuona. Tulimsomea hitima, tukafungua kopo, tukatoa sadaka kila kilichokuwemo. Tangu hapo kila Idd, watu wakitoka msikitini kwenda makaburini, mie humaliza kwa baba, nikamaliza kwa mama, kisha nikabaki nimesimama sijui nielekee wapi. Kuna miaka nimeelekea bandarini. Leo asubuhi pia.

Pale Tanim nilitia nia kwa ajili yake na nikalitaja jina lake kwa sauti, jina ambalo nyumbani tumelizunguka miaka 13 kwa kusema "yule", "marehemu", "mdogo wako". Sauti ilinikatika katikati. Mwanamke wa Kisudani, simjui hanijui, akanishika mkono akaitikia Amin. Ile safari ya saba ya Marwa niliimaliza nikiwa nimechoka mwili wote, na moyoni nikamwambia, tumefika, na hatukulala kibarazani.

Basi vijana wangu, mniruhusu nirudi darasani kidogo, kwani salamu za mwalimu bila ya nasaha si salamu.

Siku hizi kila mtu ana malengo. Redioni malengo, kwenye hisa za kina mama malengo, harusini bwana harusi anaulizwa malengo. Si vibaya. Lakini neno lenyewe linatoka kwenye kulenga, na anayelenga hukosa. Bibi zetu walikuwa na nia. Mtu akitia nia akazuiliwa njiani, tumefundishwa kwamba imeandikwa. Kopo lile la maziwa halikufika mbali kama lengo, lakini mie siamini kwamba lilipotea. Kwa hiyo tieni nia, na nia mwipe kopo, hata kama ni la sarafu. Nia isiyokuwa na kopo ni maneno ya barazani.

Wala msiseme "mwaka ujao". Mwaka ujao hatukuandikiana nao mkataba. Mwenye mama yake hai amfuate leo, si Idd pili. Mwenye ndugu aliyenuniana naye kwa shamba la mikarafuu, mikarafuu ile babu aliipanda na amekufa ameiacha, na wewe utaiacha. Mwenye deni alipe kabla hajavaa ihramu, maana kuna watu wanaopiga picha mbele ya Kaaba huku muuza duka wa kwao anaitazama picha ile na daftari la deni mkononi. Mie mwenyewe nilikuwa hivyo, ndiyo maana nambari tatu ya karatasi yangu nimeilipa wiki ya kwanza niliyorudi. Enyi mnaocheza kamari za mechi kwenye simu, nimewasomesha hesabu mimi, ninajua mnajua kwamba hazijumlishi. Enyi wenye kupanga nguo nne za watoto wenu, mtazame mlango wa jirani, mtoto wake ana ngapi. Fitri mmetoa, alhamdulillah, lakini pishi ile ni ya siku moja na njaa ina siku zake zote. Na nyinyi mnaopeleka watu Umra, kazi yenu ni ya thawabu kubwa, tunawaombea, ila semeni kweli kuhusu umbali. Mzee hatawaacha kwa kuambiwa hoteli iko mbali. Atawaacha kwa kuambiwa iko karibu.

Na tusimwachie Ramadhani msikiti. Juzi usiku safu zilifika barabarani, tukakanyagana viatu. Alfajiri ya leo kabla ya sala ya Idd nimemsikia imamu akikimu, na waliomwitikia nadhani wangeenea kwenye gari moja ya shamba. Sisemi nani alikuwepo. Kila mtu anajua alikuwa wapi, na wengine mlikuwa mnapiga pasi.

Haya, nisije nikawachosha siku ya furaha.

Nawatakia Idd njema, yenye amani na baraka, nyinyi na watoto wenu na wazazi wenu. Mwenyezi Mungu atushushie mvua ya masika yenye kheri, aijaze mikarafuu, aipunguze bei ya nazi, awalinde walio baharini usiku huu, awarehemu marehemu wetu, wenye makaburi na wasio nayo. Amin, amin.

Nambari tano ya karatasi yangu nimeijaza mwenyewe hapa nyumbani, na hiyo siitaji.

Zamzam imebaki chupa moja na tende kidogo, nimezificha na wajukuu. Mwenye mgonjwa aje na kikombe chake wakati wowote, wengine baada ya Alasiri. Na aliyeazima sinia langu kubwa la shaba kwa futari ya kumi la mwisho, namwomba kwa heshima zote alirudishe kabla ya Idd nne, nina wageni kutoka Unguja.

Wassalaam,
Mwalimu wenu, Wete
Idd mosi, 31 Machi 2025